Jiwe Lililobaki Mfukoni

Aloys ndiye aliyeisikia kwanza, naye alikuwa Uvira.

Alikuwa amesimama makaburini asubuhi ile, simu mkononi, akimwonyesha kaka yake Venant mazishi ya baba yao, mzee Lazare. Venant alikuwa Minto, pembezoni mwa Sydney, ambako jioni ya Agosti ilikuwa inaingia na baridi yake, na mipaka ya nchi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Katikati ya wimbo wa waombolezaji Aloys akaisogeza simu sikioni.

"Yaya," akamwita kaka yake, "nani anapiga ile filimbi kule kwenu?"

Venant akageuka huku na huku. Bustani ya mtaa ilikuwa tupu. Watu walikuwa wamefungiwa majumbani mwao, na angani kulikuwa na helikopta ya polisi tu, nayo ilikuwa mbali.

"Haiko filimbi," akasema. "Ni réseau hiyo, simu inakatakata. Endelea."

Katika ukoo wa Lazare mazishi hayakamiliki kwa udongo. Udongo hata jirani hutupa. Mwenye damu huweka jiwe juu ya kaburi na kutaja jina lake mwenyewe, desturi iliyobaki tangu enzi za fisi kufukua wafu kule milimani. Aliye mbali huweka jiwe hukohuko aliko, saa ileile, mahali palipoinuka, na mwenye nyumba huwatajia mkewe na watoto. Asiyewekewa jiwe hahesabiwi.

Venant hakutaka kumwekea baba yake mawe uani, karibu na mapipa ya taka. Ndiyo maana aliileta familia bustanini, kwenye lile rundo kubwa la mawe lililokuwa refu kumshinda mtu. Lilijengwa na Waskoti wa zamani kumkumbuka chifu wa ukoo wao, MacArdroch, kwa mawe waliyoyaleta kwa meli kutoka kwao. Kibao cha shaba kilieleza yote hayo, lakini Kiingereza cha kibao kilikuwa kizito, na aliyekiweza pale alikuwa Vanessa peke yake, msichana waliyekuja naye.

"Tonton," Vanessa akasema kwa sauti ya chini, "hapa wameandika watu wake waliweka mawe kabla ya vita. Kila mtu lake. Mwenye alirudi aliliondoa. Yenye yalibaki ni ya wenye walikufa. Labda si vizuri sisi..."

"Mzee ni mzee," Venant akamkata. "Huyu alikuwa chifu, na papa alikuwa chifu wa nyumba yake. Watasikilizana."

Walikuwa wamekuja na mawe meupe, yale ambayo aliyewapangishia nyumba aliyamwaga mbele ya baraza ili magugu yasiote. Venant akaweka kubwa kuliko yote juu ya rundo. "Mimi Venant, mwana wa Lazare," akasema. Akaweka la pili, la mkewe. "Marie-Jeanne, bibi ya Venant, wa nyumba ya Lazare." Kisha, upande wa chini unaofikiwa na mtoto, akaweka dogo, lililotosha kiganja cha mtoto wa miaka sita. "Déo, mtoto wa Venant, mjukuu wa Lazare."

Vanessa akasogea na lake. Alikuwa amelisugua kwa sabuni bafuni mpaka likang'aa, na njia nzima alikuwa amelishika ndani ya mfuko wa koti.

"Weye uweke mu mfuko," Venant akasema bila kumtazama. "Ule haiko babu yako."

Kule Uvira walisikia, maana wimbo ulikuwa umekwisha. Aloys akainamisha kichwa. Marie-Jeanne, mama mzazi wa Vanessa, akatazama viatu vyake. Mimi simhurumii Marie-Jeanne hapo. Mama akinyamaza mahali kama pale, amekwisha kusema.

Vanessa alikuwa na miaka kumi na minne. Baba yake alipotea kwenye njia ya kwenda Fizi yeye akiwa bado tumboni, na Venant alimwoa Marie-Jeanne kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mtoto akiwa anatambaa. Kwenye karatasi za safari aliandikwa binti wa Venant, kwa kuwa wazungu wa kambi walipenda familia iliyotimia. Nyumbani alikatazwa kumwita papa. Alimwita tonton, kama mjomba tu, aliosha vyombo, alimpeleka Déo shule, na picha za familia alizipiga yeye ili asionekane ndani yake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na ile ya Vanessa ilikuwa fupi.

Basi akalirudisha jiwe mfukoni. Walipokuwa wakitoka bustanini Venant alihisi kitu kinavuma masikioni, mlio mmoja mrefu usiopumua, akadhani ni helikopta.

Kesho yake nyumba ilinuka kondoo.

Haikuwa harufu ya nyama. Ilikuwa harufu ya manyoya yaliyolowa mvua, pamoja na moshi wa udongo unaoungua, na ilikuwa kali zaidi kwenye korido, karibu na mlango wa mbele. Marie-Jeanne alipiga deki kwa jiki mpaka macho yakamtoka machozi. Harufu ikaondoka, na jua lilipozama ikarudi.

Siku zilizofuata Déo akaanza kusimama. Jioni, katuni zikiwa zinaendelea kwenye televisheni, alikuwa akishuka kwenye kochi, anakwenda koridoni, anasimama akiutazama mlango, mikono imenyooka ubavuni. Hakuwa akilia wala kucheza. Ukimwita hakujibu, na ukimgusa shingoni ilikuwa baridi. Halafu giza likikamilika alikuwa akirudi mwenyewe na kuuliza chakula.

"What were you doing?" Vanessa alimuuliza.

"Lining up," Déo akajibu, yaani anapanga mstari, akachukua kijiko chake.

Jioni moja Vanessa alitoka jikoni na sufuria ya maharage mkononi, akawakuta wote watatu. Déo alikuwa mbele. Nyuma yake alikuwa mama yake, kitambaa cha vyombo kikiwa bado mkononi kinadondosha maji. Nyuma ya mama alikuwa Venant, kavaa fulana yake ya njano ya ghalani Ingleburn, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kwenda kazini. Macho yao yalikuwa wazi na hayakupepesa. Walikuwa wameacha nafasi sawa kati ya mtu na mtu, na mlango wa mbele, ambao Vanessa mwenyewe alikuwa ameufunga kwa komeo, ulikuwa umefunguka kiasi cha kupitisha mkono, na katika ule uwazi baridi ilikuwa ikiingia na harufu ya kondoo na ule mlio usiopumua, na chini ya mlio, kwenye njia ya zege iliyotoka barabarani hadi barazani, kulikuwa na miguu, mingi, ya watu waliosimama kwa muda mrefu na ambao sasa walikuwa wakisogea kidogo ili kumpisha mwingine aingie mstarini.

Vanessa aliiachia sufuria ikaanguka. Hakupiga kelele. Aliwapita wote, akausukuma mlango kwa bega, akalirudisha komeo, kisha akaanza kuwatikisa mmoja mmoja. Alianza na Déo, akaja kwa mama yake, na Venant pia alimtikisa. Angeweza kumwacha, lakini hakumwacha.

Venant alipozinduka jambo la kwanza alilolisema lilihusu maharage yaliyomwagika.

Mchungaji Balthazar aliwaombea kwa Zoom. Alikuwa na sauti nene na imani ya kweli, lakini alipofika kwenye kukemea picha ilikwama mdomo ukiwa wazi, na spika ya kompyuta ikatoa ule mlio wa filimbi mpaka Marie-Jeanne akachomoa waya. Baadaye mchungaji akaandika kwamba wafunge na kuomba, na kwamba mtandao wa kwake siku hizi ulikuwa hovyo.

Ndipo Marie-Jeanne akamweleza Chebet, Mkenya aliyefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Chebet akamwambia kwa simu, "Aki, hiyo si ya pastor. Kuna mzee huko Auburn, Mrundi, Maalim Bizimana. Anasoma vitabu. Hata Wakristo wanaenda, tu hawasemi."

Maalim hakuweza kuja. Polisi walikuwa wakisimamisha magari njia nzima kati ya Auburn na Minto. Akawapigia kwa video mchana, baada ya sala, akiwa amekaa kwenye kreti nyuma ya bucha ambako alikata nyama, aproni yake ikiwa na damu ya mbuzi. Alikuwa Mwislamu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, na hakuwa mtu wa kutisha watu. Alimwomba Marie-Jeanne amkalishe Déo mbele ya simu na kumshika mabega. Akasoma kwa muda mrefu, taratibu. Déo akapiga miayo. Kisha kichwa chake kikainama, na kilipoinuka, yule mtoto aliyeelewa Kiswahili maisha yake yote lakini hakuwahi kukijibu ila kwa Kiingereza akafungua mdomo na kusema Kiswahili kilichonyooka.

"Unanisomea bure," akasema. "Sijafanya kosa."

Sauti haikuwa nzito. Ilikuwa ya Déo, na hilo ndilo lililomfanya mama yake karibu ayaachie mabega aliyoyashika.

"Wewe ni nani?" Maalim akauliza.

"Ninayehesabu. Nilikuwa ndani ya mawe kabla hawajayapakia kwenye meli."

"Wewe ndiye chifu?"

"Chifu alikufa. Mimi nilikuwa namhesabia watu wake."

"Na umeingiaje kwenye nyumba hii?"

"Sikuingia. Niliwekewa. Mwenye nyumba aliwataja mwenyewe juu ya mawe yangu, jua likizama, ukoo na jina. Ni askari wangu."

"Vita vyenu vimekwisha zamani."

"Mimi sijaambiwa."

Maalim akafuta jasho kwa mkono wa kanzu. Nyuma yake msumeno wa bucha ulikuwa ukikata mfupa. "Kwa jina la Mwenyezi Mungu, waachie," akasema.

"Simshiki mtu. Mwenye jiwe na aje aliondoe kwa mkono wake, jinsi ilivyokuwa siku zote." Déo akatabasamu kidogo. "Akitaka."

Marie-Jeanne akauliza kwa mnong'ono, bila kujua kama ruhusa ya kuuliza ilikuwa yake, "Na Vanessa?"

"Yule hakuletwa," Déo akasema. Kichwa kikainama tena, akaanza kukoroma.

Maalim alifunga kitabu chake. Kisha akawaambia waende kesho alfajiri, wote watatu, kila mtu aondoe lake, na wasigusane mikono. "Watu wazima, sawa," akaongeza. "Mtoto mumfanyie haraka. Lile neno lake, 'akitaka', halikunipendeza."

Vanessa alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni akisikiliza. Venant akamtazama, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumtazama usoni. Neno moja lilikuwa limemkaa kichwani. Hakuletwa.

Jioni hiyohiyo simu ya Venant ikaita kwa ujumbe. Kipimo cha ghalani kilikuwa kimetoka: alikuwa na korona, na nyumba nzima isitoke nje mpaka iruhusiwe. Polisi na wanajeshi walikuwa wakipita mitaani na kugonga milango kuhakikisha kila aliyeandikwa yupo. Marie-Jeanne aliposomewa ujumbe alikaa chini sakafuni. Walikuwa wamekatazwa kutoka, na jiwe la mtoto lilikuwa umbali wa kutupa mpira.

Walitoka hata hivyo, kwa upenyo wa uzio wa nyuma, alfajiri yenye ukungu. Vanessa alibaki ndani. Kazi yake ilikuwa kupiga simu akiona gari.

Rundo la mawe lilikuwa limelowa. Mawe meupe yalionekana wazi juu ya yale meusi. Marie-Jeanne aliwahi lake. Aliposhika alihisi limeshikwa pia kwa chini, akavuta kwa mikono miwili akilia kimyakimya, likaachia ghafla akakaa kwenye majani. Harufu ya kondoo ikamtoka puani papo hapo. Venant akavuta lake, nalo likatoka na kumchuna ngozi ya vidole.

"Déo," Marie-Jeanne akasema. "Mwanangu. Kamata jiwe yako, twende nyumba."

Déo alikuwa amesimama mbele ya rundo, mikono ubavuni.

"No thank you," akasema.

"Déo."

"I don't want to, Mum. They saved me a spot." Hataki, wamemwekea nafasi. Akatazama kushoto kwake, kisha kulia kwake, jinsi mtoto anavyowatazama wenzake kwenye foleni ya shule. Pande zote mbili hapakuwa na mtu, lakini majani yenye umande yalikuwa yamelala, safu kwa safu, mpaka yalipomezwa na ukungu.

Mama yake alisahau onyo la Maalim. Aliushika mkono wa mtoto, akavifunga vidole vyake juu ya lile jiwe dogo, akavuta. Jiwe halikutikisika. Mkono ulikuwa baridi mpaka ukauma, na Déo alimwacha avute, akimtazama kwa upole, kama mtu mzima anayesubiri mtoto achoke. Ndipo simu ikalia.

"Mama," Vanessa alisema kwa sauti ya kukatika, "wanajeshi wako kwa gate. Wanasoma majina."

Marie-Jeanne akamtazama Venant. "Nenda," Venant akamwambia. "Waone sura yako, useme mimi nalala, mtoto analala. Mimi sitamwacha." Akaenda akikimbia, miguu ikiteleza.

Hapo Venant akabaki peke yake na mwanawe. Nitasema ukweli kumhusu: alimpenda mtoto yule. Alipiga magoti kwenye tope, akasihi kwa jina la baba yake, kwa jina la Yesu, kwa jina la yule chifu ambalo hakuweza hata kulitamka vizuri. Alipoishiwa majina mdomo wa Déo ukafunguka.

"Niliwekewa watatu," akasema kwa Kiswahili. "Wawili wameondoka. Mstari una pengo."

"Nichukue mimi."

"Wewe umeliondoa lako. Mtu haandikwi mara mbili."

Venant alikwisha kujua atakachosema. Kilichomchelewesha ni aibu, na aibu ya Venant haikuwahi kuwa ndefu.

"Niko na mwingine," akasema.

"Ni wako?"

Alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Miaka yote alikuwa amesema hapana, mchana na usiku, mbele ya wageni na mbele ya kaburi, na siku hiyo moja ambayo hapana yake ingemwokoa mtu, aliimeza.

"Ni wangu."

"Basi mwite jinsi baba anavyomwita mtoto. Aje mwenyewe, aweke mwenyewe."

Wanajeshi walikuwa wameondoka mlangoni, lakini gari lao lilikuwa bado mtaani. Marie-Jeanne alikuwa bafuni akiosha tope miguuni na kulia huku maji yakikimbia ili Vanessa asimsikie. Simu ya Vanessa ikaita. Alipoona jina la Venant akapokea kwa woga, akidhani ameharibu kitu.

"Vanessa, mwanangu," sauti ikasema.

Akaitoa simu sikioni, akalisoma jina tena.

"Mwanangu, kuya huku. Nilikosea ile siku. Jiwe yako ilibaki. Kuya uweke, uhesabiwe na wenzako."

"Mimi?" akauliza. Na baada ya muda, polepole, kama anayejaribu barafu kwa mguu, "Papa?"

"Ndiyo. Papa yako. Kuya mbio."

Alitoka na kandambili. Jiwe lilikuwa mfukoni mwa koti, kwa kuwa tangu siku ya mazishi hakuwahi kulitoa. Alipotokea kwenye ukungu alikuwa anahema na uso wake wote ulikuwa umefunguka, na Venant, aliyekuwa ameishi naye nyumba moja tangu anatambaa, aliona kwamba hakuwahi kumwona akicheka kwa meno.

"Niseme nini?" Vanessa akauliza.

"Sema jina yako. Na ya mzee."

Akalifuta jiwe kwenye koti, akainuka kwa ncha za vidole, akaliweka juu ya rundo kwa mikono miwili. "Mimi Vanessa," akasema, na sauti ikamtetemeka kwa furaha, "mtoto wa Venant, mjukuu wa Lazare."

Majani yalilala upande wake wa kushoto, kisha upande wake wa kulia. Déo akapiga chafya. Akanyoosha mkono, akalichukua jiwe lake dogo kama mtu anayechukua peremende, akalia kwamba miguu yake imelowa na anataka kwenda nyumbani.

Venant akambeba. Hakumwambia Vanessa amfuate, lakini alimfuata, akitembea nyuma yake kwa nafasi iliyo sawa, mikono ubavuni.

Siku ile Marie-Jeanne alicheka mpaka akalia. Déo alikula mikate, akamwaga maziwa, akagombania televisheni. Harufu haikuwepo tena. Hakumuuliza mtu kitu, kwa kuwa mwenye furaha haulizi. Ni jioni ya tatu alipotambua kwamba mtu mwingine anasimama koridoni.

"Vanessa," akanong'ona. "Kwa nini unasimama pale?"

"Papa aliniita," Vanessa akasema bila kugeuka.

Marie-Jeanne alilisikia lile neno, papa, na damu ikamwisha usoni. Alimkuta Venant chumbani amekaa kitandani. Hakumpiga wala hakumlaani. Alimuuliza tu kama aliweka yeye au aliweka mtoto mwenyewe, na alipojibiwa akatoka, akamvuta binti yake kwa mkono usiku ule ule hadi bustanini, bila kujali polisi wala korona. "Liondoe," alimwambia. "Mwanangu, nakusihi. Lako ni lile jeupe. Liondoe."

Vanessa alilitazama jiwe lake kwa upendo.

"Siwezi, Mama," akasema. "Hapa wananihesabu."

Marie-Jeanne alijaribu mwenyewe. Alivuta mpaka kucha tatu zikang'oka, na asubuhi mpita njia aliyekuwa akitembeza mbwa alimkuta bado anavuta, msichana kasimama kando yake amenyooka, midomo imekuwa ya rangi ya bluu.

Hospitali walisema ni mapafu. Walisema ni korona, na kipimo kilikubaliana nao, na mimi sibishani na madaktari. Hawakuruhusu wageni. Muuguzi mmoja alimshikia Vanessa tableti, na mama yake, vidole vimefungwa bendeji, akamsihi kupitia kioo kile kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao ya milimani kwamba akipona tu wataenda pamoja, ataondoa jiwe, ataitwa jina lolote analolitaka. Vanessa alikuwa akitabasamu ndani ya barakoa ya mashine ya hewa. Muuguzi alishangaa kwamba mgonjwa asiye na nguvu ya kunyanyua kijiko alikuwa amelala amenyooka hivyo, mikono ubavuni, visigino pamoja. Akafa jua likizama.

Waliruhusiwa watu kumi makaburini, lakini hawakufika kumi. Mchungaji Balthazar alisoma kwa barakoa. Safari hii Venant ndiye aliyeshika simu, na Aloys akatazama kutoka Uvira. Kaburi lilipofunikwa Marie-Jeanne aliweka jiwe na kutaja jina lake. Déo akaweka na kutaja lake. Kisha Venant akasogea, jiwe mkononi, macho mekundu, na nadhani siku ile alilia kweli.

"Weye uweke mu mfuko," Marie-Jeanne akasema. "Ule haiko mutoto yako."

Venant akasimama pale. Watu wakainamisha vichwa. Akalirudisha jiwe mfukoni, na kwenye simu, ambayo sasa kamera yake ilimwelekea yeye, Aloys akaonekana kule Uvira akikunja macho na kuusogeza uso karibu na kioo.

"Yaya," akauliza taratibu, "nani ule anasimama nyuma yako? Anasema: papa, uliniita."

Venant hakugeuka. Marie-Jeanne ndiye aliyegeuka, haraka, mikono imekwisha kufunguka, akatazama pale nyuma ya mumewe kwa muda mrefu, na hakuona mtu.